Balozi Yupi? Jumuiya za Wachina na Mitaa ya Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita nilikwenda msibani Mtoni kwa Azizi Ali, wilayani Temeke. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea, kaka wa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefariki kwa maradhi akiwa hajatimiza miaka thelathini. Turubai lilifungwa toka ukuta hadi ukuta, wanaume tukakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, wanawake wakawa uani. Kabla ya adhuhuri likafika gari, wakateremka Wachina watatu: mwenye karakana aliyokuwa akifanyia kazi marehemu, pamoja na wenzake wawili. Walibeba katoni za maji na bahasha. Wakasimama pembeni, hawajui waketi wapi wala bahasha wamkabidhi nani.

Mzee aliyetunza daftari la rambirambi akawapungia mkono. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa mkalimani wao akasogea.

"Shikamoo mzee. Huyu ndiye bosi wa marehemu."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie tunashukuru kwa kuja. Sasa nakuandikia, wametoka chama gani?"

Kijana akauliza, akarudi na jibu. "Anasema kampuni, mzee."

"Kampuni nimeshaiandika, mchango wake wa sanda ulifika tangu asubuhi. Mimi nauliza chama. Wao wenyewe kwa wenyewe wanazikana na nani?"

Swali lilichukua muda kutafsiriwa. Wageni wale walishauriana kwa sauti ya chini, kisha kijana akasema, kwa aibu kidogo: "Anasema mambo kama hayo kwao ni ya ubalozi."

Mzee hakucheka. Alifikiri kidogo, akaandika kwa herufi kubwa: *Wachina, majirani wa karakana.* Kisha akawaonyesha mkeka.

Nimelirudia swali la yule mzee mara nyingi, kwa kuwa lilikuwa swali la mwanahistoria ingawa mwenyewe hakudai hivyo. Katika Kiswahili chetu cha Tanzania neno balozi lina maana mbili. Yupo balozi anayeiwakilisha dola ya kigeni, mwenye bendera na gari lenye namba za kidiplomasia. Yupo pia balozi wa nyumba kumi, yule aliyezaliwa na mfumo wa TANU katikati ya miaka ya 1960, anayejua nani kahamia, nani mgonjwa na nani kagombana na jirani. Mfumo ule umebadilika, na tangu vyama vingi virejee mwaka 1992 kazi zake nyingi zimehamia kwa wajumbe wa mashina na serikali za mitaa, lakini jina limebaki vinywani mwa watu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba Wachina wa Dar es Salaam wamekuwa na balozi wa aina ya kwanza kwa zaidi ya miaka sitini, na karibu hawajawahi kuwa na wa aina ya pili. Jumuiya zao zimejengwa zikitazama ubalozini, zikauacha mtaa nyuma ya mgongo. Upungufu huo umetokana na historia, na sisi wenyewe tulikuwa na mkono ndani yake.

Kabla ya dola

Tukitaka kuanza mbali, tunaweza kuanzia Kunduchi, wilayani Kinondoni, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yangalipo karibu na ufuko. Waliojenga makaburi yale waliyapamba kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Vyombo vile vilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi kabla ya kufika kwetu, na kauri ukutani si ushahidi kwamba Mchina aliishi Kunduchi. Nalisema hili kwa sababu hotuba nyingi za urafiki hupenda kuruka kutoka kwenye kauri hadi kwenye reli, kana kwamba katikati hapakuwa na watu.

Watu walikuwapo. Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliwaleta vibarua wa Kichina kutoka Singapore kufanya kazi kwenye mashamba ya upande wa Tanga na Usambara. Mpango ule haukudumu, na haukuacha jumuiya ya kudumu. Zanzibar kulikuwa na historia nyingine: katika miaka ya 1930 walifika Wachina wachache waliojishughulisha na kununua na kukausha majongoo bahari kwa ajili ya masoko ya Asia. Hawa hawakutumwa na serikali yoyote. Walikaa, wakajifunza lugha, wakawa sehemu ya mji wa Unguja miongoni mwa Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wangazija. Idadi yao ilikuwa ndogo mno kuweza kuwa na sauti, lakini ndio waliokuwa majirani kwa maana kamili ya neno hilo: mtu na mtu, duka na duka, mlango na mlango.

Urafiki uliokuja kwa mkataba

Mkondo uliokuja Dar es Salaam baada ya uhuru ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China, ukatiwa saini mkataba wa urafiki. Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akazuru Tanzania. Mwaka 1968 kikafunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo, ambapo kabla ya mgawanyo wa wilaya palikuwa sehemu ya Kinondoni. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilikuwa zimekubaliana juu ya reli. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili za Afrika. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka thelathini.

Wanafunzi wangu huzijua tarakimu hizi. Wasichokijua ni namna Wachina wale walivyoishi. Walikuja kwa makumi ya maelfu, kwa zamu, wengi bila familia zao. Walikaa kambini, wakala pamoja, wakalima mboga zao wenyewe, wakavaa mavazi yanayofanana. Kazini walikuwa bega kwa bega na vijana wa Kitanzania na Kizambia, na wazee waliofanya kazi kwenye reli bado husimulia juu ya fundi wa Kichina aliyeshika sululu mwenyewe badala ya kuamrisha kwa kidole. Lakini jioni kila mtu alirudi kwake. Kutochangamana sana na wenyeji nje ya kazi ilikuwa nidhamu iliyowekwa, na serikali yetu haikuona tatizo: wakati ambapo wakubwa wa Magharibi walikuwa wakitafuta kila kisa cha kuisema vibaya reli, wageni wasioleta kesi mtaani walikuwa baraka.

Matokeo yake ni kwamba Wachina wale hawakuhitaji jumuiya. Dola yao ndiyo iliyokuwa jumuiya yao: iliwalisha, iliwatibu, iliwapangia zamu, na walipokufa iliwazika. Hata mahusiano yao na masoko yetu yalipangwa na dola. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa kuleta bidhaa za China na kuziuza kupitia mashirika ya umma, ndiyo maana baiskeli ya Phoenix ilifika vijijini kabla ya mfanyabiashara wa Kichina kuonekana Kariakoo. Hata lugha iliwekezwa na dola. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na wakalimani waliofundishwa Kiswahili nchini mwao walitumwa hapa pamoja na wahandisi.

Alama iliyo wazi zaidi ya enzi hiyo iko Gongo la Mboto, wilayani Ilala, kwenye makaburi ya wataalamu wa China. Wamelala pale zaidi ya watu sitini, wengi wao wakiwa waliofariki katika ujenzi wa reli. Kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, wakati Wachina duniani kote wanapofagia makaburi ya wazazi wao, ubalozi, makampuni na jumuiya za Wachina wa hapa huenda kuweka maua. Viongozi wakuu wa China wanapozuru Tanzania hupelekwa huko, kama alivyofanya Rais Xi Jinping Machi 2013. Ni mahali pa heshima, na kila mwanafunzi wa historia ningemshauri apatembelee. Lakini tuone pia kile ambacho makaburi yale yanatufundisha kimyakimya: wamezikwa peke yao, ndani ya ukuta, na anayewakumbuka kwa niaba ya wote ni dola.

Mji uliojengwa na vyama vya kuzikana

Swali la mzee wa Mtoni lina mizizi mirefu katika mji huu. Dar es Salaam ni mji wa wahamiaji. Waliokuja kutoka Morogoro, Rufiji, Unyamwezi au Songea wakati wa ukoloni walikuta mji usio na ndugu zao, na hofu yao ya kwanza ilikuwa ileile: nikifa hapa, atanizika nani? Ndipo vikazaliwa vyama vya watu wa asili moja, vya kuchangiana nauli, kuuguzana na kuzikana. Vilianza kwa jeneza, vikafika kwenye siasa, kwa sababu watu waliojifunza kutunza daftari la michango na kuchagua mwenyekiti walikuwa tayari kujifunza mengine. Kutoka kwenye utamaduni huohuo wa kujumuika ndipo ilipopata nguvu African Association iliyoundwa mwaka 1929, na hatimaye TANU ya mwaka 1954.

Jamii zenye asili ya Bara Hindi nazo zilikuwa na vyama vyao vya kidini na vya kijamii, na hapa ndipo pana somo la karibu zaidi kwa mada yetu. Vyama hivyo vilijenga shule, zahanati na nyumba za kupanga, mwanzoni kwa ajili ya watu wao. Mwafrika aliyepita nje aliona ukuta. Lakini njia ziligawanyika baadaye. Shree Hindu Mandal, chama kilichoanza mwaka 1919, leo kinajulikana kwa hospitali ambayo Mtanzania wa asili yoyote hutibiwa. Katika miaka ya 1950 Asian Association, iliyokuwa na watu wa mtazamo kama wa Amir Jamal, ilikataa siasa za kila rangi kujitetea yenyewe na ikasimama upande wa TANU. Jamal baadaye akawa Waziri wa Fedha wa taifa huru. Tusisahau kwamba hayo hayakuwakinga Waasia wote: mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo iliwagusa wengi wao, na wako waliofunga mizigo wakaondoka. Hata hivyo waliobaki walibaki wakiwa Watanzania, na walikuwa na mahali pa kusimama walipozungumza na nchi yao: taasisi zilizokuwa zimefungua mlango wa upande wa mtaani.

Wachina wenyewe, mahali pengine, wanaijua historia hii vizuri kuliko sisi. Popote walipohama kwa hiari yao, kuanzia Kusini-Mashariki mwa Asia hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, waliunda vyama vya watu wa mkoa mmoja au ukoo mmoja, na kazi ya kwanza ya vyama vile ilikuwa ileile ya Dar es Salaam: kumpokea mgeni, kumtafutia kazi, kumzika. Port Louis, nchini Mauritius, Wachina walijenga hekalu la Kwan Tee mwaka 1842, na jumuiya zikaota kandokando yake. Baada ya vizazi kadhaa, Moilin Jean Ah-Chuen, mfanyabiashara wa asili ya Kichina, akawa mbunge na waziri. Leo sura yake iko kwenye noti ya rupia 25 ya nchi hiyo.

Afrika Kusini inatupa mfano mkali zaidi. Mwaka 1907 serikali ya Transvaal ilipotunga sheria ya kuwasajili Waasia kwa alama za vidole, Chama cha Wachina wa Transvaal chini ya Leung Quinn kiliingia katika upinzani wa amani pamoja na Wahindi walioongozwa na Gandhi, na Leung Quinn mwenyewe alifungwa gerezani. Karne moja baadaye, Juni 2008, Chama cha Wachina wa Afrika Kusini kilipata hukumu ya Mahakama Kuu ya Pretoria kwamba Wachina raia wa nchi hiyo, waliobaguliwa wakati wa makaburu, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wanaonufaika na sheria za kurekebisha dhuluma ile. Hukumu hiyo ilizua ubishi mkubwa, na ubishi huo ulikuwa halali. Ninachotaka msomaji akione ni jambo moja: katika kesi zote mbili, aliyesimama mbele ya dola ya nchi husika alikuwa chama cha wakazi. Balozi wa Beijing hakuwa msemaji wao. Walidai haki kama watu wa pale.

Waliokuja bila kutumwa

Dar es Salaam ilikuja kuwapata Wachina wa aina hiyo baada tu ya milango ya uchumi kufunguliwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na zaidi katika miaka ya 2000. Hawa hawakutumwa na wizara. Wamekuja kwa nauli zao na mikopo ya ndugu zao, wakafungua migahawa Kinondoni, maghala Chang'ombe na Keko, karakana Temeke, maduka Kariakoo. Walirithi jina jema ambalo hawakulifanyia kazi, jina la rafiki wa reli. Hawakurithi taasisi yoyote ya kuwasaidia kuishi na jirani, kwa sababu wajenzi wa reli hawakuwa nayo.

Jumuiya zimeundwa, na si haki kuzibeza. Vipo vyama vya wafanyabiashara, na vipo vikundi vya kumsaidia Mchina aliyeibiwa, aliyeugua au asiyeelewa sheria ya vibali vya kazi. Huandaa sherehe za mwaka mpya wao, huchangia madawati, hutoa misaada wakati wa mafuriko. Kwa mgeni asiyejua lugha, simu moja kwa mtu wa jumuiya yake ni kama kamba kwa mtu aliyetumbukia kisimani. Tatizo liko kwenye mwelekeo. Msaada wa madawati hukabidhiwa mbele ya balozi na mkuu wa wilaya, picha zikapigwa. Lakini mfanyakazi aliyenyimwa malipo ya muda wa ziada, mama ntilie aliyezibiwa njia na ghala, au mwenyekiti wa mtaa mwenye malalamiko ya maji machafu, hajui jumuiya hiyo iko wapi, nani mwenyekiti wake, wala abishe hodi kwa lugha gani. Enzi ya reli dola ilileta wakalimani wa Kiswahili. Leo mfanyabiashara wa kawaida humtegemea kijana mmoja wa Kitanzania, ambaye mara nyingi ni mwajiriwa wake mwenyewe na hawezi kutafsiri lolote lisilompendeza bosi.

Pasipokuwa na mlango wa mtaani, malalamiko hupanda moja kwa moja hadi serikalini, na serikali hujibu kwa amri. Januari 2011, Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, aliwapa wageni waliokuwa wakifanya uchuuzi Kariakoo siku thelathini waache. Mwishoni mwa Julai 2025 ikatolewa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina kumi na tano za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na kazi za saluni. Faini ni isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa visa na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kukwepa amri naye ana adhabu yake. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, ikazinduliwa Ubungo, palipokuwa stendi kuu ya mabasi, kituo kikubwa cha biashara kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina, chenye maelfu ya maduka. Kutoka hapo hadi lango la Urafiki ni mwendo wa miguu.

Sina haja ya kuikejeli serikali kwa kufanya mambo hayo mawili ndani ya wiki moja. Kumlinda mchuuzi raia ni wajibu wake, na mwenye duka dogo Kariakoo aliyeshindwa na mshindani mwenye kiwanda nyuma yake ana hoja ya kweli. Lakini tazama nani alizungumza katika mjadala ule. Walizungumza wafanyabiashara raia, walizungumza mawaziri, na kwa upande wa pili ulisikika ubalozi. Mimi niliyekuwa nikifuatilia magazeti na redio kwa karibu sikumbuki kumsikia Mchina mkazi wa Temeke, mwenye miaka kumi na tano hapa, akisema kwa Kiswahili: huyu ndiye mimi, hawa ndio niliowaajiri, hili nimekosea, na hili nadhulumiwa. Mtu asiye na chama cha kumsemea hugeuka tarakimu katika takwimu za uwekezaji, au katuni katika mazungumzo ya kijiweni. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na familia nyingi zikafurahia visa vya mkwe na mama mkwe wa Beijing. Tumewajua mama wakwe wao kwenye runinga kabla ya kumjua jirani wa nyuma ya geti.

Pingamizi mbili

Najua litakalosemwa. La kwanza ni kwamba vyama vya asili moja ni hatari. Taifa hili lilivipunguza nguvu vyama vya kikabila kwa makusudi, na amani yetu inatokana na hilo. Nakubaliana na sehemu ya hoja. Lakini hatukufuta vyama vya kuzikana; tulivitaka viwe vya mtaa, vya kazi, vya dini, vyenye katiba na daftari linaloweza kukaguliwa. Kipimo hicho kinatosha kwa Wachina pia. Sheria ya Vyama, Sura ya 337, ipo tangu mwaka 1954, na Msajili yuko Wizara ya Mambo ya Ndani.

La pili ni zito zaidi: kwamba jumuiya za Wachina ng'ambo ni mikono ya dola yao, na kuzipa nafasi ni kuipa nafasi dola hiyo. Kwamba Beijing hufuatilia na kuzipanga jumuiya hizi si siri. Lakini dawa ya chama kilichoegemea ubalozini haiwezi kuwa kukiacha kiegemee huko zaidi. Tunayo kumbukumbu chungu. Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara wa Kichina, pamoja na Watanzania wawili, kwa biashara haramu ya pembe za ndovu. Alikuwa amefika nchini mwaka 1975 kama mkalimani wa Kiswahili kwenye reli, na vyombo vya habari vilimtaja kuwa na wadhifa katika jumuiya ya wafanyabiashara wenzake. Heshima ya hafla na picha haikumfanya mtu yeyote awajibike. Uwajibikaji huzaliwa pale ambapo mwenyekiti wa chama anajulikana na mwenyekiti wa mtaa, na wanachama wanajua kwamba aibu ya mmoja itaulizwa mlangoni kwa wote.

Kwa hiyo ninayopendekeza kwa watumishi wa umma na wanaharakati wanaosoma hapa si makubwa. Jumuiya ya Wachina yenye wakazi Kinondoni au Temeke iwe na katiba inayosomeka kwa Kiswahili na mtu anayejulikana katika ofisi za mitaa. Iwe na mkalimani anayelipwa na chama, asiwe mwajiriwa wa anayelalamikiwa, ili mgogoro wa kazi ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukiwa umeeleweka na pande zote. Iwaeleze waajiri wapya wajibu wao kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla mashine haijamkata mtu kidole. Nasi kwa upande wetu tuache kumwita kila Mchina mwekezaji. Wako miongoni mwao mafundi, wapishi, wake wenye watoto shuleni, na vijana wenye madeni kwao. Halmashauri inayowaalika kwenye uzinduzi wa mradi iwaalike pia kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, wakae kwenye benchi kama wengine, wasikilize habari za mitaro.

Nilirudi Mtoni siku ya arobaini ya yule kijana. Mwenye karakana alikuwapo, safari hii bila gari la watu watatu, akiwa na mkalimani wake tu. Alimfuata mzee moja kwa moja, akasema "Shikamoo" kwa matamshi ya kujifunza, kisha akamwomba kijana aulize: je, kile chama cha mtaa cha kuzikana kinapokea mtu asiye raia, na ada yake ni kiasi gani kwa mwezi?

Mzee alivua miwani akaifuta. "Mwambie katiba yetu haikuandika habari ya uraia. Imeandika mkazi. Ila mwambie pia, akiingia, misiba yote ataitwa. Hata usiku."

Kijana akatafsiri. Mchina yule akafikiri, akatoa simu, akaomba aandikiwe namba.